Tuachane na Bomu, Twende Bombani: Kurekodi Raia Katika Vita Virefu

Karibuni. Leo sitagusa picha za milipuko. Mlipuko mmoja unafanana na mwingine, na mtazamaji akishaona mitatu amezoea. Vita vya miongo mitatu kama vya Kivu ya Kaskazini, mashariki mwa Kongo (DRC), vinaonekana vizuri zaidi bombani, watu wanapoteka maji.

Chukueni kambi za wakimbizi wa ndani zilizokuwa kandokando ya Goma, Bulengo kwa mfano, kabla waasi wa M23 hawajauchukua mji Januari 2025. Viwango vya kimataifa vya misaada vinataka kila mtu apate angalau lita 15 kwa siku, na koki moja isihudumie zaidi ya watu 250. Pigeni hesabu: lita 3,750. Koki ikitoa lita 7.5 kwa dakika, itakwenda saa 8 na dakika 20 bila kufungwa. Dumu la lita 20, ambalo Goma wanaliita bidon, linachukua karibu dakika tatu kujaa. Maji yakitoka saa nne tu, nusu ya watu wanarudi mikono mitupu. Hapo filamu ina mgogoro tayari, na hakuna aliyefyatua risasi.

Fikeni kabla ya jua. Mtakuta madumu yamepangwa mstari na wenyewe hawapo. Dumu linamshikia mtu nafasi. Tega kamera chini, kimo cha mpini wa dumu, uiache. Ukiwahi kukata picha hutaona dumu la mtoto likisogezwa nyuma kwa mguu, taratibu, kama bahati mbaya. Dumu likijaa lina kilo 20 na ushei. Wanawake wengi wa Kivu hubeba mzigo mgongoni, mkanda ukipita kwenye paji la uso, kichwa kimeinama. Ukimpiga picha kutoka mbele utapata utosi tu. Simama ubavuni.

Mwanga nao una mtego wake. Ardhi ni mawe meusi ya volkano, maturubai ni meupe. Kamera ikijipimia yenyewe huku turubai limejaa kwenye picha, itapunguza mwanga na nyuso zitageuka makaa. Pima usoni, funga kipimo hapo hapo. Turubai likiungua kidogo kwa mwanga pichani, si neno.

Sasa penye hatari. Goma ilichukuliwa na M23 Novemba 2012, ikaachwa siku chache baadaye, ikachukuliwa tena 2025. Aliyekubali kuonekana chini ya mtawala mmoja anaweza kuponzwa na sura ile ile akija mwingine. Kwa hiyo ridhaa ina tarehe: iombwe siku ya kurekodi, na iombwe tena kabla ya kuonyesha. Wengi humweka mhusika dirishani awe kivuli, wakidhani wamemficha. Kamera za siku hizi zinahifadhi mengi gizani. Mtu akiongeza mwanga kwenye kompyuta, uso unarudi. Piga picha ya mikono, au kisogo. Halafu angalia kitenge, kovu, namba iliyoandikwa kwenye hema: majirani humtambua mtu kwa hivyo kabla ya uso. Sauti iliyofanywa nzito kwa programu pia hurudishwa ilivyokuwa. Mpe mtu mwingine asome maneno yake.

Maandishi ya chini ya picha, jamani. Mtu wa Goma akisema "maji iko mbali", msimsahihishe kwa Kiswahili cha Dodoma au Unguja. Ukiandika "maji yako mbali", msomaji atauliza maji ya nani. Andika alivyosema, tunaelewa.

Na kabla ya kufungasha, rekodi dakika nzima ya mahali penyewe bila mtu kusema: maji yakigonga plastiki, sauti ikipanda dumu linavyojaa, upepo kwenye turubai. Epukeni mvua, maana chini ya turubai inafunika kila neno. Mhariri akikosa dakika hiyo, pengo ataliziba kwa kinanda cha huzuni.