Soma taarifa kabla sasisho halijaingia: kuweka apt-listchanges kwenye Debian

Habari zenu watazamaji, karibuni. Leo tuko kwenye seva ya Debian, mfumo wa Linux. Nataka kifurushi, yaani programu inayosakinishwa kwa apt, kinapobadilika kwa namna itakayogusa kazi yako, upate habari mapema, sio usubiri hadi watu waanze kukupigia simu kwamba mambo yamekwama.

Mfano halisi ni OpenSSH, programu ya kuingia kwenye mashine nyingine kwa mbali, kwa amri ya ssh. Toleo la 8.8, lililotoka mwaka 2021, lilizima saini za RSA (za kuthibitisha utambulisho) zinazotumia SHA-1, njia ya zamani ya hesabu za usimbaji, kwa sababu SHA-1 haiaminiki tena kiusalama. Uamuzi ulikuwa sahihi kabisa. Lakini kama ofisini kuna ruta ya zamani inayojua saini hizo tu, ukishahamia Debian 12, yenye OpenSSH mpya kuliko hiyo, unaandika ssh na unajibiwa "no matching host key type found". Huingii. Na watunzaji wa kifurushi walishalieleza jambo hilo ndani ya faili liitwalo NEWS.Debian, linalokuja na kifurushi chenyewe. Wengi hawalifungui kwa sababu hawajui kama lipo. Sasa tutalifanya lijifungue lenyewe, kwa programu ndogo iitwayo apt-listchanges.

Hatua ya kwanza, fungua terminali na uandike:

sudo apt update
sudo apt install apt-listchanges

Huenda tayari unayo, lakini mashine nyingi zilizowekwa vitu vichache tu huwa hazina, kwa hiyo hakikisha.

Hatua ya pili ndiyo nitakayokaa nayo zaidi. Andika:

sudo dpkg-reconfigure apt-listchanges

Yanakuja maswali kadhaa. La kwanza linauliza taarifa zionyeshwe vipi. Chagua pager, zifunguke palepale kwenye skrini uzisome kwa kushuka na kupanda. Swali jingine linataka anwani ya barua pepe. Kwa kawaida inaandikwa root, yaani msimamizi mkuu wa mashine. Kama hakuna anayesoma barua za root kwenye mashine hiyo, weka anwani ya mtu anayezisoma kweli, na hakikisha mashine ina programu ya kutuma barua. Hili lina uzito zaidi kwa wanaotumia masasisho ya kujiendesha yenyewe usiku, maana saa hizo hakuna mtu mbele ya skrini.

Halafu utaulizwa kama unataka kuombwa idhini baada ya kusoma. Hapa jibu ndiyo. Kwa kawaida sehemu hii imezimwa: unasoma taarifa, unabonyeza q, na usakinishaji unaendelea moja kwa moja hata kama ulichosoma kimekutia wasiwasi. Ukiiwasha, unapata nafasi ya kusema hapana.

Mwisho, linapokuja swali la nini kionyeshwe, chagua news peke yake. Najua unaweza kutamani kuona kila kitu, pamoja na orodha ndefu ya mabadiliko madogomadogo. Usifanye hivyo kwenye seva ya kazi. Ukiletewa kurasa mia za marekebisho ya tahajia na tafsiri, baada ya wiki mbili utakuwa unabonyeza q bila kusoma, na ile aya moja ya muhimu itapita humo humo.

Majibu yote yanahifadhiwa kwenye /etc/apt/listchanges.conf, kwa hiyo unaweza kulinakili faili hilo kwenye seva zako nyingine.

Sasa endesha sudo apt upgrade kama siku zote. Vifurushi vikishapakuliwa, kabla hakijafunguliwa hata kimoja, taarifa zinajitokeza. Kama huna jipya la kusoma, hutaona kitu, na hiyo ni sawa. Anayetoka Debian 11 kwenda 12 atakutana na ile ya SHA-1, pamoja na nyingine kwamba scp, amri ya kunakili mafaili kati ya mashine, sasa inapitia itifaki ya SFTP, na kwamba chaguo la -O linarudisha utaratibu wa zamani. Ukiona jambo la kukukwamisha, jibu n. Mashine inabaki ilivyokuwa, wewe unakwenda kujiandaa. Kwa ile ruta, maandalizi ni mistari michache tu kwenye ~/.ssh/config:

Host ruta
  HostKeyAlgorithms +ssh-rsa
  PubkeyAcceptedKeyTypes +ssh-rsa

Weka chini ya jina la ruta hiyo pekee, usilegeze usalama wa mashine zote. Na panga kuibadilisha ruta yenyewe.

Kama sasisho lilishapita, taarifa bado ipo:

zless /usr/share/doc/openssh-client/NEWS.Debian.gz

Badilisha jina la kifurushi uweke unachokitaka.

Neno kwa mnaotengeneza vifurushi. Ukiwa ndani ya folda ya chanzo, andika dch --news. Linafunguka faili debian/NEWS, lenye muundo uleule wa debian/changelog (orodha ya mabadiliko ya kifurushi), ila hapa unaandika aya za kawaida badala ya vinyota. Taja nini kimebadilika, nani ataguswa, na afanye nini. Hilo la tatu ndilo linalosahaulika sana, na ndilo msomaji analolitafuta akiwa na wasiwasi. Kama hakuna cha kufanya kwa upande wa mtumiaji, mara nyingi taarifa hiyo haikustahili kuwa hapo. Namba ya toleo iwe ile ambayo badiliko lilianza nayo, kwa sababu apt-listchanges huonyesha tu yaliyo mapya kuliko toleo lililopo kwenye mashine.

Ukimaliza kukijenga, chukua mashine ya majaribio yenye toleo la zamani, weka kifurushi kipya kwa sudo apt install ./ ikifuatiwa na jina la faili la .deb, na usome taarifa yako kwenye skrini jinsi mtumiaji atakavyoiona.