Kuiamsha reishi kwa homoni ya mmea: jaribio la chupa sita

Karibu mtazamaji. Leo tuko Arusha, tunaotesha nyuzi za uyoga wa reishi kwenye supu ya viazi, kisha tunazitilia asidi ya salisiliki, homoni ambayo mmea huitumia kujihami unapovamiwa na vimelea. Reishi si mmea, lakini ishara hiyo huishtua. Oksijeni kali, yaani aina za oksijeni zinazoweza kudhuru seli, huongezeka ndani ya seli, na uyoga hujibu kwa kutengeneza zaidi asidi za ganoderiki, zile chungu ambazo watafiti wa dawa wanazitafuta.

Anza na supu. Menya viazi mviringo gramu 200, katakata, chemsha nusu saa, chuja kwa kitambaa safi. Tia glukosi ya unga gramu 20, jazia maji mpaka lita 1. Tumia maji yaliyokenekwa, kwa sababu maji ya sehemu nyingi za Arusha yana floridi, na kiwango chake hubadilika kutoka kisima hadi kisima. Gawa mililita 100 kwenye kila chupa ya nusu lita, chupa sita. Ziba kwa pamba, funika kwa foili.

Sasa presha kuka, na hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Arusha ipo kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka karibu nyuzi 95. Hata presha kuka nzuri haifiki nyuzi 121 za vitabuni, huishia kama 118. Kwa hiyo usihesabu dakika 15; hesabu 30 tangu mvuke uanze kutoka kwa nguvu. Iache ipoe yenyewe. Ukiifungua kwa haraka supu hupanda na kulowesha pamba, na pamba mbichi hupitisha bakteria.

Pangusa meza kwa spiriti, subiri ikauke kabisa ndipo uwashe moto wa kuua vijidudu kwenye vifaa. Kila chupa itie vipande vitano vya nusu sentimita vya reishi iliyoota kwenye agari, yaani jeli ya kuoteshea. Weka penye joto la nyuzi 25 hadi 28. Juni na Julai tumia sanduku lenye balbu, maana usiku wa Arusha ni baridi. Tikisa taratibu asubuhi na jioni. Ukiona kijani, au supu ikiwa na ukungu na harufu ya uchachu, chupa hiyo imeharibika. Usiifungue, ichemshe kwanza, kisha mwaga.

Siku ya sita nyuzi zimeshashika, sasa tunatia homoni. Ukiitia mapema zaidi utadumaza ukuaji, upate uyoga kiduchu. Pima asidi ya salisiliki safi gramu 0.138, mizani ya kupimia tanzanaiti, inayosoma gramu 0.001, inatosha. Iyeyushe kwenye mililita 10 za ethanoli, kwa kuwa kwenye maji huyeyuka kwa shida. Tia mililita 0.1 kwenye chupa tatu. Hapo umefikia mikromola 100 kwa lita. Usizidishe ukidhani utapata zaidi; kiasi kikubwa hudhuru nyuzi zenyewe. Aspirini au dawa ya kupaka ya ngozi haifai hapa, zina vitu vingine ndani.

Chupa tatu zilizobaki zitie mililita 0.1 ya ethanoli tupu. Tafadhali usiruke hatua hii! Ethanoli nayo yaweza kuugusa uyoga, na bila chupa hizi hutajua kilicholeta mabadiliko ni nini.

Ziache zitulie siku saba bila kutikisa. Chuja, suuza nyuzi kwa maji yaliyokenekwa, kausha kwa nyuzi 50 hadi 60 mpaka uzito usibadilike. Pima kila chupa peke yake na uandike, kwa sababu maabara italinganisha asidi za ganoderiki kwa kila gramu kavu. Usionje unga huu wala kumpa mgonjwa. Ni sampuli, haijapimwa usalama. Tia kila sampuli kwenye bahasha yake, andika namba ya chupa na tarehe, ihifadhi pakavu na gizani hadi siku ya kuipeleka.