Koti la Kuvu

KASSIM: Karibuni wasikilizaji. Niko na dada Rehema, ametoka zamu ya usiku maabara akaja moja kwa moja hapa. Shikamoo dada.

REHEMA: Marahaba mdogo wangu. Usingizi ninao, ila la leo sikutaka linipite.

KASSIM: Uliponiambia tuzungumzie kuvu, mawazo yangu yalienda kwenye mapunye.

REHEMA: Huyu ni mwingine kabisa. Anaitwa Cryptococcus neoformans, ni wa jamii ya hamira. Anaishi kwenye udongo na kinyesi cha njiwa, tunamvuta kwa pumzi bila kujua. Mwenye kinga nzuri humdhibiti. Mwenye VVU ambaye CD4 zake, yaani seli za kinga kwenye damu, zimeshuka chini ya 100 yuko hatarini, maana kuvu anapenya hadi kwenye ubongo na kuleta homa ya uti wa mgongo. Makadirio ya mwaka 2020 ni vifo 112,000 duniani, vingi vikiwa huku kwetu kusini mwa Sahara.

KASSIM: Na mnamtambuaje?

REHEMA: Nilipoanza kazi tulikuwa na wino tu. Unachukua tone la maji ya uti wa mgongo, unachanganya na wino mweusi, unaweka chini ya hadubini. Wino hauingii kwenye koti lake, kwa hiyo unaona giza tupu, halafu katikati kiduara kinang'aa kama mwezi. Ukikiona hutakisahau. Lakini kuvu wakiwa wachache unaweza kuangalia slaidi nzima usiambulie kitu.

KASSIM: Hapo ndipo kingamwili za monokloni zinapoingia, zile protini za kinga za aina moja tu zinazoshika kitu kimoja.

REHEMA: Ndipo. Lile koti ni la sukari, na vipande vyake hudondoka ndani ya damu. Mwaka 1975 kule Cambridge, Köhler na Milstein waliunganisha seli ya panya inayotengeneza kingamwili na seli ya saratani isiyokufa. Ukapatikana uzao wa seli unaotoa kingamwili ya aina moja tu, miaka nenda rudi, haibadiliki. Baadaye maabara ya Thomas Kozel, Chuo Kikuu cha Nevada, Reno, ikatengeneza zinazolishika koti la kuvu huyu.

KASSIM: Kwa hiyo zote zinashika koti lile lile?

REHEMA: Lile lile, ila kila moja kwa namna yake, na hapa napapenda sana! Watafiti walipata kingamwili mbili zilizotoka kwenye seli moja ya panya, ndugu wa damu kabisa. Wakazitia rangi inayong'aa. Moja ikachora duara safi kuzunguka kuvu, nyingine ikatoa madoadoa. Ile ya duara ikawakinga panya wasife haraka, ya madoadoa haikuwakinga. Tofauti yenyewe ni herufi chache tu za protini.

KASSIM: Na huku kwetu mgonjwa anafaidikaje?

REHEMA: Kwa stripu iliyopakwa kingamwili hizo, kama ile ya mimba. Tone la dawa ya kuchanganyia, tone la damu iliyochujwa, unachovya, unasubiri dakika 10. Haihitaji friji wala hadubini. Na huyu kuvu hujitangaza mapema: utafiti wa Uganda uliotolewa mwaka 2002 ulionyesha vipande vya koti vilionekana kwenye damu siku 22 hivi kabla ya dalili. Siku 22, Kassim! Muda huo vidonge vya flukonazo, dawa ya kuvu, bado vinaweza kumzuia asifike kichwani.

KASSIM: Kuna ushahidi kwamba inaokoa watu?

REHEMA: Upo, na ni wa hapa Dar es Salaam na Lusaka, ulichapishwa mwaka 2015. Wagonjwa waliopimwa kuvu huyu na kutembelewa nyumbani wiki za mwanzo za ARV walikufa pungufu kwa asilimia 28. Siwezi kusema stripu peke yake ndiyo iliyofanya hivyo, kutembelewa nako kuna sehemu yake.

KASSIM: Uliniambia kuhusu yule kijana.

REHEMA: Aliletwa na kaka yake, kichwa kimemuuma wiki tatu. Alikopita kwanza alipewa dawa ya malaria na za maumivu, mara mbili. Sisi tulipochovya stripu, mstari ulitokea hata dakika tano hazijaisha. Alikuwa hamtambui tena kaka yake. CD4 zake zilikuwa zimepimwa mwezi uliotangulia, majibu yamo kwenye faili, na damu ile ile ingetosha kupima na hiki.

KASSIM: Pole sana, dada.

REHEMA: Nisikilizwe na wenzangu wa maabara. Mstari hafifu kama unywele ni chanya, usiuache. Na mgonjwa akiwa na hali mbaya halafu mstari ni hafifu au haupo, zimua sampuli kwa maji ya kuchanganyia, urudie. Koti likizidi sana linaziba kingamwili zote na mstari unapotea. Yule kijana, stripu ya kwanza ilikuwa hafifu. Tulipozimua, ukawaka.