Kivuli Kama Kipimo

Wazee wangu shikamooni, na nyinyi vijana mlioketi huko nyuma, habari za jioni.

Anayeomba kazi huambiwa aambatanishe vivuli vya vyeti vyake. Huenda dukani akatoa kivuli, kisha akakipeleka kwa wakili kigongwe muhuri. Muhuri ule ndio ulionivutia. Kivuli peke yake hakikubaliki mpaka mtu aliyekiona cheti chenyewe athibitishe kwamba hiki kimetoka kwa kile. Hoja yangu ni hiyo: kivuli, kiwe cha jua au cha maneno, kina thamani pale kinapotuwezesha kukijua kitu chenyewe.

Tuangalie sala ya alasiri. Kwa madhehebu ya Imamu Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu, wakati wake huingia kivuli cha kitu kinapolingana na urefu wa kitu hicho, ukiongeza kile kivuli kilichokuwapo jua lilipofika kimo chake cha juu. Nyongeza hiyo husahauliwa, nayo ndiyo yenye elimu. Simika kijiti uwanjani hapa Unguja mwezi Juni: mchana kivuli kimelala kusini, kwa kuwa jua liko kaskazini yetu. Desemba kimehamia kaskazini. Mwanzoni mwa Machi, na tena karibu na tarehe 9 Oktoba, jua hupita utosini na kivuli hakionekani. Siku hizo hakuna cha kuongeza.

Kuna jambo kubwa zaidi. Kila mwaka, tarehe 27 au 28 Mei saa 6:18 mchana, na tena tarehe 15 au 16 Julai saa 6:27, jua huwa juu ya Kaaba. Saa za Makka na zetu ni zile zile, kwa hiyo hakuna hesabu ya kugeuza. Dakika hiyo, popote jua linapoonekana, kila kivuli huipa Makka kisogo. Hapa Unguja kitaelekea kusini, maana Makka iko karibu kaskazini halisi ya kisiwa hiki. Simama ukiacha kivuli nyuma yako, umeelekea kibla. Msikiti wa kijijini unaweza kuwekewa mwelekeo sahihi kwa kijiti na uzi wenye timazi. Natamani madrasa zetu zote ziwatoe watoto nje siku hiyo, wajionee wenyewe.

Eratosthenes, mwanachuoni wa Kigiriki wa karne ya 3 kabla ya Kristo, aliupima mzunguko wa dunia kwa njia iliyo jirani na hiyo. Siku ambayo jua lilikuwa utosini huko Syene, kusini mwa Misri, kivuli cha Alexandria kilionyesha pembe ya sehemu moja ya 50 ya duara. Akazidisha umbali wa miji hiyo mara 50. Hakuhitaji kuizunguka dunia.

Wahenga nao wamesema kivuli cha mvumo, ule mti mrefu wa jamii ya mnazi, huwafunika walio mbali. Husemwa juu ya mtu ambaye fadhila zake huwafikia wageni huku jamaa zake wakichomwa na jua. Mimi huwafikiria wale walioketi kivulini: shina hawalioni karibu, wakitaka kumjua mfadhili wao lazima wageuke walitafute.

Sasa twende bungeni. Waziri kivuli tumempata kutoka desturi za Bunge la Uingereza, na wengi humdhani kuwa ni mtu wa kupinga tu. Kazi yake hasa ni kupima. Kambi rasmi ya upinzani ilipokuwapo Dodoma, waziri kivuli wa fedha alisimama akatoa bajeti mbadala: kodi hii ipunguzwe, fungu hili liongezwe. Mwananchi akawa na hesabu mbili za kulinganisha. Baada ya uchaguzi wa 2020 wabunge wa upinzani walikuwa wachache mno, kambi hiyo haikuundwa, na hesabu ikabaki moja. Hasara hiyo, kwa maoni yangu, ilimfika hata waziri mwenyewe, kwa sababu hakuwapo mtu aliyepewa kazi ya kuzipitia takwimu zake mstari kwa mstari na kumjibu kwa takwimu.

Naishia hapo. Karibuni kwa maswali.