Kiwanda kikinunua kompyuta, nani anajifunza?

Shikamooni wakubwa, vijana mambo vipi! Unga Limited, Njiro, Sakina, mpaka Moshi mjini, karibuni. Niko hapa Stuttgart, nimetoka zamu ya usiku. Wengi mmeniuliza kwa nini kiwanda kinaleta mfumo wa kompyuta halafu uzalishaji unabaki palepale.

Jamani, hili halikuanza na kompyuta. Umeme ulipoanza kuingia viwandani Marekani miaka ya 1880, wengi waling'oa injini ya mvuke wakafunga mota moja kubwa mahali pake. Shafti ndefu ya juu, ule mtaimbo unaozunguka na kuzigawia mashine nguvu kwa mikanda, ikabaki, mikanda ikabaki, mashine zikabaki zimebanana kuifuata hiyo shafti. Faida kubwa ilikuja kuonekana miaka ya 1920, kila mashine ilipopewa mota yake na kiwanda kizima kikapangwa upya. Karibu miaka 40! Mwanauchumi Paul David aliieleza habari hii mwaka 1990, wakati Wamarekani wanajiuliza mbona kompyuta zimejaa na tija haionekani.

Sasa sikieni ninavyofanya kazi hapa. Mashine yangu ikisimama, kihisi kinarekodi chenyewe: saa nane usiku, dakika sita. Sababu hakiijui. Kwenye skrini kinatokea kisanduku kitupu, na mimi mwendeshaji ndiye ninayeandika: mkanda umelegea, malighafi ina unyevu. Zamu ikibadilika tunakusanyika mbele ya ubao, tunazisoma zile sababu kwa sauti, fundi anachukua moja ya kushughulikia. Kesho yake anatuuliza kama imekwisha.

Nilipokuja likizo niliingia kiwanda kimoja hapo nyumbani, sikitaji jina. Kompyuta iko ofisini kwa meneja. Huku chini mama wa zamu anaandika kwenye kaunta buku, jioni karani anahamisha tarakimu. Nililifungua lile buku. Pembeni, kwa kalamu nyekundu, ameandika: mashine ya pili inakata uzi kila umeme ukirudi. Kwenye kompyuta hakuna hata safu ya kuliingiza neno hilo! Iliniuma, kwa kweli. Watafiti Cohen na Levinthal walisema, mwaka huohuo wa 1990, kwamba kampuni hunufaika na ujuzi wa nje kwa kadiri ya ujuzi iliyo nao tayari ndani. Ujuzi wa ndani wa kiwanda kile anao yule mama, na hakuna anayemuuliza.

Wenye viwanda mnaonitazama, nawaomba: kabla hamjalipia programu nyingine, kaeni na mtu kama yule mama siku nzima, na kwenye kompyuta mwongeze safu ya sababu. Waiteni vijana wa TEMDO, ile taasisi ya kubuni mitambo, na wa Chuo cha Ufundi Arusha, wako jirani yenu, wamsikilize akiwa kwenye mashine, si kwenye semina hotelini.

Na wewe uliye kwenye zamu, niandikie hapa chini: mashine yako husimama kwa sababu gani mara nyingi zaidi, na ukishaiandika, nani anaisoma? Video ijayo nitaanza na majibu yenu.