Nunueni Hati Kabla Tingatinga Halijafika

Mwenyekiti, asante. Ndugu zangu, salamu tumeshapeana, kwa hiyo naingia moja kwa moja kwenye hoja. Wamo humu walionisikia nikiisema kwingine, na leo wataisikia tena. Nitaacha kuisema siku itakapofanyiwa kazi.

Mwanamuziki aliyetajirika kwa muziki anawajibika kutoa fedha kuokoa majengo ambamo muziki huo ulilelewa. Sisemi aombwe, nasema anawajibika. Na fedha yake isianzie kwenye rangi wala kwenye sanamu ya mlangoni, ianzie kwenye hati ya kiwanja.

Twendeni Tryon, mji mdogo wa North Carolina, Marekani. Kuna nyumba ya mbao pale, vyumba vitatu tu, familia kubwa ilibanana humo. Ndani yake alizaliwa Eunice Waymon mwaka 1933. Dunia ilikuja kumjua kwa jina la Nina Simone, mwimbaji na mpiga piano. Mama yake alikuwa mhubiri, na mtoto alianza kugusa piano kabla hata miguu haijafika chini. Siku moja, akiwa binti mdogo, anapiga piano mbele ya watu, wazazi wake wakaondolewa viti vya mbele ili wapishe Wazungu. Akagoma. Hakubonyeza hata sauti moja mpaka wazazi waliporudishwa mahali pao. Mnaomjua Nina Simone wa baadaye, yule wa jukwaani asiyekubali kuonewa, mjue kwamba alianzia kwenye mji huo.

Nina akafariki mwaka 2003. Nyumba ikawa inapita mkono hadi mkono. Alitokea mtu mmoja aliyeipenda kwa dhati, akainunua, akaanza kuikarabati kwa fedha ya mfukoni mwake, akaishiwa, ikamponyoka. Mwaka 2017 ikawa sokoni, na hofu ya kubomolewa ilikuwa ya kweli. Bei yake dola 95,000.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa. Walioinunua walikuwa wanne: Adam Pendleton, Rashid Johnson, Ellen Gallagher na Julie Mehretu, huyu wa mwisho mzaliwa wa Addis Ababa. Hakuna hata mmoja kati yao aliyejipatia jina kwa kuimba. Ni watu wa brashi na turubai! Nyumba ya mmoja wa waimbaji wakubwa wa karne iliyopita imeokolewa na wachoraji. Na ukigawa ile bei kwa wanne, haifiki dola 24,000 kwa kila mtu. Nani kati ya nyota wetu atasema fedha hiyo hajawahi kuiona? Magari tunayoonyeshwa kila wiki kwenye simu yanauzwa kwa zaidi ya hapo.

Tena angalieni mpangilio wa kazi yao. Walipoishika hati, ndipo shirika la kitaifa la kuhifadhi majengo ya kihistoria likaingia, ukawekwa mkataba unaozuia mwenye nyumba yeyote wa baadaye kuibomoa, na harambee zikafanyika. Mnada wa mwaka 2023 huko New York, pamoja na hafla yake, uliingiza zaidi ya dola milioni 5. Hiyo fedha kubwa isingekuwa na pa kutua kama zile 95,000 za mwanzo hazikupatikana. Yule wa kwanza aliyeishiwa hakukosa moyo. Alikosa wenzake, na alikosa chombo cha kuushika mzigo baada yake.

Najua mtu ananong'ona pale nyuma: hiyo ni kazi ya serikali, sisi tunalipa kodi. Haya. Sheria yetu ya Tanzania ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya mwaka 1863. Elfu moja mia nane sitini na tatu! Niambieni ni ukumbi gani wa dansi uliojengwa kabla ya hapo. Waziri ana uwezo wa kutangaza jengo jipya zaidi lilindwe, ndiyo, lakini mpaka mtu amwandikie, amwonyeshe, afuatilie. Na kulitangaza si kulinunua. Mwenye kiwanja cha Kariakoo anapigiwa simu na watu wa maghorofa. Wewe utampigia kumwambia nini, kama huna fedha mezani?

Na heshima ya wakubwa haizuii tingatinga. Ukumbi wa Cavern wa Liverpool, pale bendi ya Beatles ilipojijenga tangu 1961, ulifilisika, ukafunguliwa upya mwaka 1966 na Waziri Mkuu wa Uingereza Harold Wilson mwenyewe. Miaka saba baadaye ulifungwa na jengo likabomolewa kupisha tundu la hewa la reli ya chini ya ardhi, na tundu lenyewe halikujengwa. Pakawa maegesho ya magari. Huo wa leo ulijengwa upya mwaka 1984. Wakati jengo linavunjwa, wote wanne wa Beatles walikuwa hai na walikuwa matajiri. Hati haikuwa mikononi mwao.

Mwingine atasema, mwanamuziki wa kwetu leo anacho, kesho hana. Ndiyo maana nasema atoe leo! Wangapi tumewazika kwa michango, watu ambao miaka ishirini kabla walijaza kumbi? Kiwanja alichokinunua akiwa nacho, kikaandikishwa kwa bodi ya wadhamini, hakiuzwi kulipa deni lake wala hakigombaniwi na warithi. Utaratibu si mgeni. Misikiti na makanisa yetu mengi yanamiliki ardhi hivyo hivyo, wadhamini wamesajiliwa RITA, ule wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, masheikh na maaskofu wanapita na kiwanja kinabaki.

Na atakayesema wanatafuta sifa, mimi namjibu: wapewe hiyo sifa. Pale Mnazi Mmoja, Dar es Salaam, tunao ukumbi wa Anatoglo, jina lililotokana na Arnautoglu. Arnautoglu alikuwa Mgiriki mwenye mashamba ya mkonge, akatoa fedha ukajengwa ukumbi wa jamii. Siasa za kudai uhuru zilipita humo, dansi nalo likapigwa humo, na hadi leo konda akitaja Anatoglo abiria wanajua wanashuka wapi. Kama tajiri wa mkonge aliweza kujenga mahali pa watu kucheza dansi, tajiri wa muziki anashindwaje kulinda pale palipobaki? Sitaki anakili kila jambo la mkoloni. Namtaka aone kwamba jina linaweza kukaa ukutani muda mrefu kuliko kwenye bango.

Unguja wana mzigo wao. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab, alitoka Fumba, akafika Bombay kurekodi santuri mwaka 1928, na kikundi cha taarab cha Ikhwani Safaa kipo tangu 1905. Hayo yanastahili mhadhara mzima, na Zanzibar wana sheria zao, siwasemei.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nilikuwa na la kanda za Redio Tanzania, na la studio za mwanzo za Bongo Fleva, Bongo Records ya P-Funk na ile ya Master J, maana hizo nazo ni kumbukumbu na hakuna anayezihesabu. Nayaacha. Ila kabla ya maswali, kuna karatasi mezani hapo mlangoni. Kila mmoja aandike ukumbi au studio moja anayoijua, mtaa, namba ya kiwanja kama anayo, na anayedhani ni mmiliki. Wasanii, andikeni na namba zenu za simu. Hiyo ndiyo orodha tutakayokwenda nayo ofisi ya ardhi kufanya upekuzi, na ada ya upekuzi wa viwanja vitano vya kwanza nitalipa mimi.