Euro mbili kwa mwezi: vifurushi vya Free Mobile mbele ya Orange, SFR na Bouygues

SALUM: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Msikilizaji mmoja alituuliza namna ya kulinganisha vifurushi vya kampuni mpya ya simu na vya kampuni zilizozoeleka, akalalamika kwamba kila akitazama mabango anaona bei tu. Tungemjibu kwa mabango ya leo, majibu yangechacha kabla hajayasikia. Kwa hiyo tumechagua kisa ambacho hesabu zake zimekwisha kufungwa, yaani kuingia kwa Free Mobile katika soko la Ufaransa tarehe 10 Januari 2012. Dada Rehema, wakati huo ulikuwa unasoma Marseille, na ulikuwa na laini ya mojawapo ya kampuni kubwa. Hebu tueleze hali ilivyokuwa kabla mgeni hajapiga hodi.

REHEMA: Asante, kaka Salum. Kampuni zenye minara yao wenyewe zilikuwa tatu, Orange, SFR na Bouygues Telecom, na pembeni yao walikuwapo wauzaji wadogo waliotumia minara ya hao hao. Ushindani wao ulikuwa wa kutiliwa shaka, kwani mwaka 2005 mamlaka ya ushindani ya Ufaransa ilizitoza zote tatu faini ya jumla ya euro milioni 534 kwa kupeana taarifa za siri za biashara na kwa kuafikiana kugawana soko. Mteja wa kawaida alifunga mkataba wa miezi 24, akapewa simu kwa bei ya kutupa, kisha akalipa kila mwezi kiasi ambacho hakikuonyesha kipi ni cha maongezi na kipi ni cha simu yenyewe.

SALUM: Ndipo akaja Xavier Niel, mwenye kampuni ya Iliad, ambayo tayari ilikuwa inauza intaneti ya nyumbani kwa jina la Free.

REHEMA: Ndiye. Alipanda jukwaani Paris na kutangaza vifurushi viwili tu, na nadhani uchache huo peke yake ulikuwa tusi kwa washindani waliokuwa na vitabu vizima vya bei. Cha kwanza kilikuwa cha euro 19.99 kwa mwezi, chenye maongezi na ujumbe mfupi visivyo na kikomo pamoja na GB 3 za intaneti, na baada ya hizo GB 3 mteja hakukatiwa wala kutozwa zaidi, bali kasi ilipunguzwa. Cha pili kilikuwa cha euro 2, chenye dakika 60 na ujumbe mfupi 60, na intaneti haikuwa sehemu yake. Aliyekuwa na intaneti ya Free nyumbani alilipa euro 15.99 kwa kile cha kwanza, na cha pili alikipata bure. Vyote viwili havikuwa na mkataba wa muda, wala simu haikuwamo.

SALUM: Hapo kwenye simu nakuomba usipite haraka, kwa sababu ndipo wengi walipodanganyika. Anayelinganisha euro 19.99 zisizo na simu na euro 39 zenye simu analinganisha vitu viwili tofauti.

REHEMA: Kweli kabisa, na mimi mwenyewe nililazimika kuchukua karatasi na kalamu. Nilikuwa nalipa euro 39 kwa mwezi kwa kampuni ambayo sitaitaja, nikiwa na saa mbili za maongezi na intaneti kidogo, na simu niliyokuwa nayo niliinunua kwao kwa euro 1. Kwa miezi 24 ningelipa euro 936, bila kuhesabu ile euro 1. Kwa kifurushi kipya, miezi hiyo hiyo ingegharimu euro 479.76, kwa hiyo tofauti ilikuwa kama euro 456. Simu ile ile dukani, bila mkataba wowote, ilikuwa inauzwa euro 300 hivi. Maana yake ni kwamba mkataba wa simu ya euro 1 ulikuwa umeniuzia simu ya euro 300 kwa euro 456, na juu yake nilikuwa napimiwa maongezi, ilhali jirani yangu wa kifurushi kipya angeongea mpaka usingizi umchukue.

SALUM: Lakini ulikuwa umefungwa na mkataba.

REHEMA: Nilikuwa nimebakiza miezi 10. Sheria waliyoiita Loi Chatel, ya mwaka 2008, ilimruhusu mteja aliyekwisha kumaliza miezi 12 ya kwanza kuvunja mkataba wa miezi 24 kwa kulipa robo tu ya kilichobaki. Kwangu kilichobaki kilikuwa euro 390, na robo yake ni euro 97.50. Nikajumlisha na miezi 10 ya kifurushi kipya, ambayo ni euro 199.90, nikapata euro 297.40. Kwa hiyo kuvunja mkataba na kulipa faini kulikuwa nafuu kwa zaidi ya euro 92 kuliko kutulia. Kama ningekuwa nimebakiza miezi 20, sheria ile isingenifikia, na jibu lingekuwa jingine. Ndiyo maana huwa nawaambia watu kwamba kabla ya kusoma bango la mgeni, soma kwanza mkataba ulionao.

SALUM: Namba je? Wengi hubaki walipo kwa kuhofia kupoteza namba.

REHEMA: Namba ilihama nawe. Ulipiga 3179, ukapewa msimbo unaoitwa RIO, ukampa mtoa huduma mpya, na yeye ndiye aliyekatisha laini ya zamani kwa niaba yako. Katika wiki za mwanzo maombi yalikuwa mengi mno na watu walisubiri kuliko walivyoahidiwa, lakini njia yenyewe ilikuwepo. Kwetu Afrika Mashariki, Kenya iliipata mwaka 2011 na Tanzania mwaka 2017, na sioni kama tumeizoea. Mtu wa kwetu huona rahisi zaidi kuweka laini ya pili kwenye simu.

SALUM: Tuingie sasa kwenye minara, kwa sababu bei hiyo lazima iwe na siri yake. Kampuni iliyoanza juzi inawezaje kuuza maongezi nchi nzima?

REHEMA: Siri haikuwa siri, iliandikwa wazi. Kibali cha Free Mobile kiliitaka ifikie asilimia 27 ya wakazi wa Ufaransa kwa minara yake yenyewe kabla ya kuanza, na kwingineko kote ilitumia mtandao wa Orange kwa mkataba uliosainiwa mwaka 2011. Hivyo mteja wa siku ya kwanza, mara nyingi, alikuwa anaongea kupitia Orange huku akimlipa Niel. Kibali chenyewe kilikuwa cha euro milioni 240, wakati waliotangulia kila mmoja alilipa euro milioni 619, ingawa ni haki kusema kwamba mgeni alipewa masafa machache zaidi. Washindani hawakukaa kimya, walidai kwamba minara ya mgeni ilikuwa imezimwa na mzigo wote umeegemezwa kwa Orange, ikabidi mamlaka ya mawasiliano, ARCEP, irudie vipimo, na ikathibitisha kuwa sharti lilikuwa limetimizwa.

SALUM: Kwa mteja hilo lina ubaya gani, ikiwa simu inashika?

REHEMA: Mna mambo mawili. La kwanza lilionekana tarehe 6 Julai 2012, mtandao wa Orange ulipoanguka nchi nzima kwa saa kadhaa. Wateja wa Free waliokuwa wanategemea minara hiyo walianguka nao, kwa sababu mpangaji hulowa nyumba ya mwenye nyumba ikivuja. La pili lilikuja polepole na lilihitaji macho makali. Mkataba wa kutumia minara ya Orange ulipokuwa unaelekea ukingoni, kasi ya intaneti kwa mteja wa Free aliyeko kwenye minara hiyo ilipangwa kushushwa kwa hatua. Ilikuwa megabiti 5 kwa sekunde hadi mwisho wa 2016, ikawa megabiti 1 mwaka 2017 na 2018, na hatimaye ikashushwa hadi kilobiti 384. Kwa kilobiti 384 ujumbe utafika, lakini picha za video ni za kusubiri kama daladala ya usiku. Bei kwenye bango haikuongezeka hata senti, na ukubwa wa kifurushi haukupungua. Kilichobadilika kilitegemea mtaa unaoishi, na kama pana mnara wa nani.

SALUM: Kwa hiyo mkazi wa Paris na mkazi wa kijiji cha milimani walinunua kitu kimoja kwa jina, viwili kwa matumizi.

REHEMA: Naam, na hapo ndipo ninapotofautiana na waliomsifu Niel bila kupumua. Kwa mtu wa kijijini, kifurushi cha haki cha kulinganisha hakikuwa kile cha Orange yenyewe cha bei ya juu, bali cha Sosh. Orange ilikuwa imeanzisha Sosh mwezi Oktoba 2011, Bouygues ilikuwa na B&You tangu katikati ya mwaka huo huo, na SFR ilikuwa na RED. Hizi zilikuwa chapa binti za kampuni hizo, zisizo na maduka, zinazouza kwa intaneti, zisizo na mkataba wa muda, zikitumia minara ya mama zao. Mama walijua mgeni yuko njiani, wakawatanguliza mabinti wampokee mlangoni. Siku chache baada ya tarehe 10 Januari, B&You ilikuwa tayari imeshuka hadi euro 19.99. Kwa hiyo ukimlinganisha mgeni na mama, mgeni anashinda kwa mbali. Ukimlinganisha na binti, bei ni ileile au inakaribiana, na swali linakuwa moja tu, kwamba nyumbani kwako mnara wa nani ndio ulio karibu.

SALUM: Hata hivyo watu walimkimbilia. Hadi mwisho wa Machi 2012 Free Mobile ilikuwa na wateja milioni 2.6, na mwaka ulipokwisha walikuwa milioni 5.2. Wote hao hawakupiga hesabu yako.

REHEMA: Hawakupiga, na hawakuwa wajinga. Wengi walikuwa na intaneti ya Free nyumbani, kwa hiyo walipata punguzo ambalo binti yeyote hakuweza kulitoa. Wengine walikuwa wamechoka kudanganywa, na hasira nayo huhamisha laini. Lakini jambo ambalo halionekani katika takwimu za wateja ni kwamba waliofaidika zaidi pengine ni wale ambao hawakuhama kamwe, kwa kuwa walipiga simu kwa kampuni zao, wakatishia kuondoka, na bei zao zikashuka wakiwa wamekaa kwenye kochi.

SALUM: Na upande wa pili wa shilingi? Bouygues na SFR zilipunguza wafanyakazi mwaka huo huo, na mwaka 2014 Vivendi iliiuza SFR kwa kundi la Altice.

REHEMA: Hayo ni kweli, na nisingependa tuyapitie kana kwamba ni vumbi la barabarani. Kuna jambo jingine pia, la gharama za mwingiliano, yaani kile ambacho mtandao mmoja hulipa mwingine simu inapovuka. Mamlaka ilimruhusu mgeni atoze zaidi ya wenzake kwa muda mfupi, hadi katikati ya 2013 viwango vilipolingana. Kwa hiyo sehemu ya unafuu wake ilitoka mfukoni mwa wapinzani wake kwa idhini ya serikali. Mimi sioni ubaya katika hilo, kwani mtoto huanza kwa kushikwa mkono, ila ni vyema mteja ajue kwamba bei ya mwanzo ina tegemeo ambalo litaondolewa.

SALUM: Gharama hizo zinatugusa hata sisi. Tanzania, mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ilizishusha kutoka shilingi 15.60 kwa dakika mwaka 2018 hadi shilingi 2 mwaka 2022, na ndiyo sababu mojawapo ya vifurushi vya mitandao yote kuwezekana, badala ya kubeba laini tatu mfukoni. Na kwa wanaodhani habari za Niel ni za mbali, kampuni yake ya uwekezaji ilishirikiana na Axian, kundi la kampuni za mawasiliano, katika mtandao uliokuwa Free wa Senegali, na mwezi Novemba 2024 mtandao huo na Tigo ya Tanzania, ambayo Axian iliinunua, vilivaa jina moja, Yas. Sasa, dada, msikilizaji wetu ananunua kifurushi cha wiki kwa malipo ya kabla, hana mkataba wala simu ya mkopo. Hesabu yako inamfaaje?

REHEMA: Safu ya simu na safu ya faini zinafutika, na hiyo ni nafuu kubwa. Zinabaki tatu. Atazame muda, kwa sababu kifurushi cha siku saba kununuliwa mara nne ni siku 28, na kwa mwaka mzima hilo humlazimu kununua mara 52, si 48. Atazame kinachotokea kikiisha, kama kasi inapungua au salio linaanza kuliwa bila taarifa. Na aazime laini ya mgeni kwa siku mbili, aijaribu chumbani kwake usiku, wakati mtaa mzima uko mtandaoni. Pia asivutwe na maneno mazuri yasiyomhusu. Kile kifurushi cha euro 19.99 kilijumuisha simu za kwenda nchi 40, nami nilifurahi mno mpaka niliposoma kwamba kwa sehemu kubwa ni simu za mezani. Kwetu Tanga nani ana simu ya mezani?

SALUM: Mwishowe ulihama?

REHEMA: Nilihama, kwa zile euro 297.40. Ila aliyepata kifurushi kilichomkaa sawasawa alikuwa jirani yangu, bibi wa Kingazija aliyeishi ghorofa ya chini. Simu yake ilikuwa ya vitufe, na kazi yake kubwa ilikuwa kupokea. Nilimfungulia kile cha euro 2, na kila mwezi aliniletea ankara nimsomee, akiamini kwamba nimeficha sifuri mahali fulani. Mwisho wa mwaka ule dakika zikapandishwa kutoka 60 hadi 120 kwa bei ileile, nikamweleza. Akaniuliza azitumie kumpigia nani.